Kisweta cha Thakorji

Harufu ndiyo iliyotangulia: samli, iliki, na sufu iliyokaa miaka mingi bila kuona hewa. Nilikuwa nimefungua kopo la biskuti nyumbani kwa Mama, hapa Stechford, Birmingham, nikitafuta sindano, maana kila mtu anajua kwamba kopo la biskuti katika nyumba ya Mkenya halina biskuti. Sikukuta sindano. Nilikuta sweta nyekundu, ndogo kiasi cha kulivisha chungwa, yenye mikono, kola na kifungo kimoja cha lulu bandia.

Mama alikuwa sakafuni akipigana na masanduku. Amestaafu uuguzi na anarudi Meru. Siku nzima alikuwa akipandisha sanduku kwenye mizani ya bafuni, akiliteremsha, akitoa viatu, akirudisha viatu, akiwalaumu watu wa ndege kana kwamba walikuwa wamejificha ndani ya kabati. Sikumwuliza neno kwanza. Nilikaa kitandani na kile kisweta kiganjani, nikawa na miaka minane tena.

Kabla hujaniuliza ni cha mwanasesere gani, nikwambie mapema kwamba hakikuwa cha mwanasesere. Kilikuwa cha Mungu. Umesoma vizuri. Nami nilimvisha kwa mikono yangu hii, mimi mtoto wa mwanamke aliyeongoza maombi ya kanisa kila Ijumaa. Kama umechanganyikiwa, karibu, keti. Mimi nilichanganyikiwa utoto mzima.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi wa Kihindi tuliyemwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama au bibi. Alizaliwa India, akaolewa Kisumu akiwa msichana, akauza vitambaa huko miaka na miaka, kisha maisha yakamleta Birmingham. Mume alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee alikuwa Toronto. Kiingereza hakikumwingia. Kiswahili cha dukani, kile cha Kisumu, kilikuwa kimemkaa mdomoni kama meno yake mwenyewe. Mama alipohamia nyumba ya kando, Ba alimsikia akinigombeza kwa Kiswahili, akatoka nje na sahani ya bhajia. Aliposikia kwamba Mama ni muuguzi, akamwita Sista, kama walivyoitwa wauguzi Kenya, na hakumpa jina jingine tena.

Baba alikuwa bado Nairobi akisubiri viza, na zamu za Mama hazikuwa na huruma. Kwa hiyo nikitoka shule nilikaa kwa Ba. Nyumbani Mama alinisemesha Kiswahili nami nikamjibu Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu. Kwa Ba sikuwa na ujanja huo. Basi Kiswahili changu cha kwanza nilichokisema kwa kinywa changu nilifundishwa na bibi wa Kigujarati, na watu wa kanisani walisema naongea kama mwenye duka. Mama aliona aibu, ingawa Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa na mawe ya Meru ndani.

Katika chumba cha mbele, mahali ambapo sisi tuliweka televisheni, Ba aliweka Thakorji, Mungu wake. Alikuwa sanamu ya shaba ya ukubwa wa ngumi, mtoto mnene mwenye macho makubwa na tabasamu la mtu anayejua ulipoficha peremende. Asubuhi Ba alimwamsha kwa kengele, taratibu, asishtuke. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamvisha, akampa maziwa yenye sukari na iliki. Adhuhuri alikula tena, kisha akalala. Nikiingia kutoka shuleni kwa kishindo, Ba aliweka kidole mdomoni.

"Polepole, dikri. Thakorji nalala."

Dikri ni binti. Nilivua viatu nikanyata. Baridi ilipoanza, Ba alichukua sindano zake na kumfumia sweta, kwa sababu, alisema, yeye amezoea jua na hapa kila kitu ni barafu. Nilikubali bila swali. Mimi pia nilikuwa nafumiwa sweta kwa sababu hiyohiyo. Na Ba hakutia kitu kinywani mwake kabla Thakorji hajala. Hata chai ilisubiri.

Jioni zile ndefu za baridi, mvua ikigonga dirisha, Ba alinihadithia mji wake. Uliitwa Dakor. Ulikuwa na ziwa lililoitwa Gomti, lenye ngazi za mawe kushuka majini, na kando ya ziwa hekalu lenye kuba nyingi zinazometa. Barabara zote zilikimbilia kwenye lango lake kama watoto kwa mama. Nyani waliwanyang'anya watu ndizi mchana kweupe. Kulikuwa na bhajia za unga wa dengu zenye pilipili manga nzima, ambazo ukizila mahali pengine unajua umedanganywa. Kila mwezi mpevu mahujaji walifika kwa miguu kutoka mbali, bendera mabegani, miguu imevimba, wakiimba, na nyumba za njiani ziliwatolea maji na chai. Babake Ba aliwaachia baraza walale. Walipofika na kukuta Thakorji amelala, walingoja nje ya milango mpaka aamke. Zamani kabisa, Ba alisema, mji ule ulikuwa pori lenye mtawa mmoja na mungu mwingine. Thakorji alihamia baadaye, na yule wa kwanza hakufukuzwa. Mpaka leo ana hekalu lake palepale kando ya ziwa.

Thakorji alihamiaje? Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akikaa mji mwingine, Dwarka, mbali huko ufukweni. Mzee mmoja wa Dakor alikuwa akimwendea kwa miguu kila mwaka, na majani ya mrehani mkononi, mpaka akazeeka, magoti yakakataa. Ndipo Thakorji akamwambia, umechoka sasa, safari ijayo njoo na gari la ng'ombe, nitarudi nawe. Mzee akaja na gari bovu na ng'ombe waliokonda. Usiku, Mungu mwenyewe akashika hatamu, mzee akalala nyuma. Alfajiri wakapumzika chini ya mwarobaini, na tawi aliloshika Thakorji likawa tamu, ilhali matawi mengine ya mti uleule ni machungu mpaka leo. Makuhani wa Dwarka wakawafuata kwa hasira. Wakasema, mkimtaka tupeni dhahabu ya uzito wake. Mzee yule hakuwa na kitu. Mkewe alikuwa na kipini cha puani tu. Wakakiweka kwenye mizani, na Thakorji upande wa pili, naye akajifanya mwepesi, mizani ikasimama sawa.

Ba akifika hapo aligusa kipini chake mwenyewe, kidogo kama punje ya mtama. Thakorji wake alikuwa amenunuliwa Dakor, akasafiri katika sanduku lake la harusi. Ba hakuwahi kurudi kule.

Sasa sikiliza kosa langu, na uniambie kama wewe usingelikosea. Yote haya nilihadithiwa kwa Kiswahili. Mama alipozungumza Kiswahili, alizungumza habari za Kenya. Kanisani walipozungumza Kiswahili, walizungumza habari za Kenya au Kongo. Kwa hiyo Dakor ilikuwa Kenya. Kisumu kulikuwa na ziwa, Dakor kulikuwa na ziwa, basi ukipita Kisumu mbele kidogo, unafika. Nilikuwa nimeondoka Kenya nikiwa mdogo mno kukumbuka hata mlango wa nyumba yetu. Ukiniambia nifumbe macho nione nyumbani, niliona kuba na nyani.

Kanisa letu lilikutana Jumapili mchana katika ukumbi wa kuazimwa, Wakenya na Wakongomani pamoja. Mwalimu wetu wa watoto alikuwa Maman Furaha, mama wa Bukavu mwenye vitambaa vya kichwa vinavyowaziba wanaokaa nyuma yake. Jumapili moja aliamua kila mtoto asimame mbele ya watu wazima aeleze kwao. Mmoja alieleza Bukavu. Mmoja alieleza Nakuru na ndege wake wekundu.

"Bon, na Makena wetu atatueleza kwao," akasema Maman Furaha.

Nikaeleza Dakor. Nilikuwa na mengi ya kusema kuliko wote, kwani wenzangu walikuwa wamekaririshwa na wazazi usiku wa kuamkia siku hiyo, na mimi nilikuwa nimehadithiwa miaka miwili. Watu wakacheka kwa upendo. Mzee mmoja akauliza, "Na hiyo Dakor iko constituency gani?" Nikamjibu ni ukipita Kisumu, wakazidi kucheka. Halafu nikaeleza jinsi tunavyomwamsha Mungu kwa kengele na kumvisha sweta, na kicheko kikakatika kama stima. Nilimwona Mama, kwenye safu ya waimbaji, ameinamia mkoba wake akitafuta kitu kisichokuwemo. Hakuna aliyeniambia nikae, basi nikaendelea mpaka mwisho: mzee, magoti, gari la ng'ombe, kipini. Nikapiga saluti ndogo nikarudi kwenye kiti.

Nyumbani Mama hakuvua hata koti.

"Makena, Dakor iko India."

"Lakini Ba told me in Swahili."

"Kwa hivyo?"

"So ni Kenya."

"Mimi naongea Kiingereza siku nzima kazini. Kwani mimi ni wa hapa?"

Jibu hilo lilinichanganya zaidi. Sisi hatukuwa wa hapa? Nilitaka kuuliza, lakini Mama alikuwa ameanza kulia, na kilio cha Mama kilikuwa kitu cha nadra kiasi kwamba nililia pia, bila kujua ninalilia nini. Kesho yake alienda kwa Ba peke yake. Sijui alimwambia nini. Nilichosikia kupitia ukutani ni Ba akisema, "Sawa, Sista. Sawa." Kuanzia hapo, nikitoka shule nilipelekwa kwa Maman Furaha, mtaa wa Alum Rock, nikakaa kati ya watoto wake wengi nikitazama katuni.

Niliambiwa kwamba Mungu ni mmoja, haoni baridi, wala hali chakula. Niliamini, maana Mama hakuwa mtu wa uongo. Lakini nikipiga magoti kabla ya kulala nilijikuta nikiuliza kimoyomoyo kama huyu wetu naye amekula. Nilimkosea nani kwa swali hilo? Kupitia ukutani kengele ya Ba ililia kila asubuhi, nami nilijifunika shuka kichwani nisisikie, kisha nikafunua kidogo nisikie.

Januari ikaja na barafu yake. Asubuhi moja Mama akitoka kwenda zamu alimkuta Ba ameanguka nje, karibu na mapipa ya taka, nyonga imevunjika. Alimfunika koti lake mwenyewe na kumshika mkono mpaka ambulensi ikafika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo za kulalia. Ba hakulalamikia nyonga. Alitoa ufunguo kwenye kifundo cha sari, akausukumia kiganjani mwa Mama.

"Sista, Thakorji bado kula."

"Shh, Ba. Usiongee."

Mama akautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, na pale ukakaa. Ba alifanyiwa upasuaji katika hospitali ileile aliyofanya kazi Mama, wodi nyingine, na Mama alimpitia kila alipopumzika. Siku ya pili alirudi na uso mzito. Ba alikuwa hali chakula. Walimletea cha mboga, walimletea cha Kihindi, akasukuma sahani. Mwanawe alimsihi kwa simu kutoka Toronto, huku akihangaikia ndege. Rafiki yake wa hekaluni, ambaye ndiye angemtunza Thakorji, alikuwa amekimbilia India, kama wazee wengi walivyofanya baridi ilipoingia.

"Yeye nakula kwanza, mimi nakula nyuma," Ba alikuwa amemwambia. "Sasa yeye iko nyumbani, baridi, njaa. Mimi takula namna gani, Sista?"

Haya niliyasikia Mama akimweleza Maman Furaha jikoni kwetu. Alisema wazi kwamba mzee wa umri ule akikataa chakula baada ya upasuaji, atakufa.

"Si umwambie tu kama amekula?" akasema Maman Furaha. "Mungu anajua moyo wako, chérie."

"Nimdanganye mgonjwa? Miaka hii yote ya nursing, sijawahi."

"Basi utalisha sanamu?"

Mama akawasha birika. Maji yalichemka mpaka likajizima. Nilielewa jambo moja tu, kwamba nyuma ya mlango wetu kulikuwa na ufunguo na Mama alikuwa akiuogopa kama nyoka.

Kesho yake alfajiri aliniamsha. Alikuwa amevaa sare ya kazi, ufunguo mkononi.

"Huyo mgonjwa anakula nini?" akaniuliza.

Nikajua anamsema Thakorji, nikadhani ananitega. Nikatazama uso wake, sikuona mtego, nikataja: maziwa, sukari, iliki mbili zilizopondwa, kwanza aoge. Tukaenda. Nyumba ya Ba ilikuwa baridi kama friji. Mama alivua viatu mlangoni, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha mbele, akafumba macho, akaomba kwa Kimeru kwa muda mrefu. Sikuelewa hata neno moja, ila sauti yake haikuwa ya kukemea. Kisha akakunja mikono ya sare akaingia.

Alifanya kazi kama anavyofanya kazi Mama. Alipima maji kwa kiwiko, kama wanavyompimia mtoto mchanga. Alimwogesha Thakorji, akamkausha mikunjo yote, nyuma ya masikio pia. Alinipa nimvishe kisweta chekundu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua mkono unavyopitishwa. Hakuinama, hakuunganisha viganja, hakupiga kengele. Alipeleka kijiko cha maziwa mbele ya ile midomo ya shaba, akasema kwa sauti ya wodini, "Haya. Kidogo tu."

"Mama, maziwa hayajapungua."

"Hata wewe ukiwa mgonjwa hukuwa unamaliza."

Nilijaribu kumwuliza kama hii ni dhambi au si dhambi, akaniambia nishike chupa. Akamimina maziwa yote kwenye chupa ya chai, akaifunga, akaenda nayo kazini. Ba alipoiona chupa aliuliza neno moja tu, Mama akamjibu neno moja, "Amekula." Naye akanywa yote, akala na mkate.

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Wiki chache nyuma jambo hili lilikuwa limemliza Mama machozi, na sasa alikuwa akinikumbusha iliki. Kichwa changu kilizunguka. Jumapili alisimama safu yake ya waimbaji kama kawaida, akaimba, na nikamtazama kwa makini nione kama kuna kitu kimebadilika. Aliimba kwa nguvu zaidi, nadhani. Maman Furaha alimshika mkono wakati wa kutoka.

Ba alianza kupona, lakini ilibidi akae wiki nyingi kujifunza kutembea tena. Alikula kwa utiifu, huku akitazama dirisha. Jumamosi moja, bila kunieleza, Mama alimfunga Thakorji kwenye taulo safi, na kisweta chake mwilini, akamweka ndani ya kiondo chake cha Meru na kunipakatisha kwenye basi.

"Ni mzito?" akaniuliza Mama.

"Hapana."

Kitandani kwa Ba, Mama alifunua taulo kidogo tu, jinsi wanavyofunua uso wa mtoto mchanga kwa wageni. Ba hakulia. Alimtazama Thakorji, akatengeneza kola, kisha akamtazama Mama kwa muda, kidole kikiwa kwenye kipini.

"Sista," akasema, "wewe naleta gari."

"Ng'ombe nimewaacha nje," akajibu Mama. "Parking hapa ni noma."

Ba alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihangaika na jambo moja: Mama amejuaje habari za ng'ombe? Nyumbani kwetu hadithi ile ilikuwa marufuku. Sikuwahi kumsimulia.

Majira ya kuchipua yalipofika, mwanawe alikuja akamchukua Ba kwenda Toronto, na Thakorji akasafiri kwenye mapaja yake; kisweta chekundu akamwachia Mama. Hatukumwona tena. Tulipokwenda Kenya, nilipokuwa na miaka kumi, tulipitia kwa shangazi Kisumu, nami nilitafuna jani la kila tawi la mwarobaini wake mpaka nikatapika, huku Mama akiwaeleza watu kwamba mtoto ni mzima, ana mambo yake. Hata sasa mtu akiniuliza kwetu ni wapi nasema Meru, ila kabla sijasema huwa naona ngazi za mawe zikishuka ziwani. Sijui kama ni upotevu. Nimeacha kujisumbua kuurekebisha.

Swali la ng'ombe lilijijibu lenyewe nilipokuwa mtu mzima, nikiosha vyombo, bila sababu. Mama alikuwa kanisani siku ile. Alikuwa ameinamia mkoba, uso unawaka aibu mbele ya watu wote, na nilidhani anaomba ardhi immeze. Kumbe alikuwa akinisikiliza. Alisikia mpaka mwisho, mzee na magoti yake, akaihifadhi. Mimi nilidhani ufunguo ule ulikaa msumarini kwa hofu peke yake.

Basi mwezi uliopita, na kisweta kiganjani, nilimwuliza.

"Mama, hukuogopa?"

Hakujifanya hajui ninachosema. "Niliogopa sana. Nilimwambia Mungu ukweli pale mlangoni. Nikamwambia, ninayemlisha ni Ba. Kijiko ndicho kitapitia kwa huyu."

"Akajibu nini?"

"Ba alikula."

Akarudi kwenye mizani yake. Sanduku lilikuwa bado limezidi. Akatoa tena viatu, akatoa sufuria, akatoa kitabu cha nyimbo na kukitia mfukoni mwa koti. Nikataka kumsaidia, nikarudisha kisweta ndani ya kopo nikasema basi hiki nitabaki nacho mimi, apunguze mzigo.

"Weka humo sandukuni," Mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye namba. "Hicho hakina uzito."